Fizio Anataka Kunifundisha Kukaza Misuli kwa Simu, Kweli Itasaidia?

Hujambo Anti,

Naomba usitaje jina langu juu watu wa kwetu wanasoma hii safu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka 29, naishi Pipeline hapa Nairobi, gorofa ya tano. Huyu wa pili ana miezi minne sasa, nilimzaa njia ya kawaida, alikuwa kilo 3.9, nikachanika nikashonwa. Kutoka hapo mkojo unaniponyoka Anti. Si ati najikojolea yote, ni ile nikikohoa, nikicheka, nikipiga chafya, nasikia tu imetoka, saa zingine ni tone na saa zingine si tone. Maji kwetu inakuja mara mbili kwa wiki na lazima ibebwe kutoka chini, mtungi wa lita 20 ngazi kwa ngazi, na nikifika gorofa ya tatu huwa tayari nimelowa. Nilirudi kazini ile miezi mitatu ilipoisha, mimi ni keshia kwa supamaketi, nasimama shifti nzima na pedi kama mtu ako na hedhi haiishi. Kwa matatu nikiona tunakaribia bampu nafinya mapaja. Kwaya nimeacha, niliwaambia ni sababu ya mtoto lakini ukweli ni kwamba sisi hatuimbi bila kuruka, na kuna Jumapili nilijifunga sweta kiunoni nikakaa hivyo mpaka watu wakatoka wote.

Mama mkwe anasema hiyo ni kawaida ya mtu amezaa, nifunge tumbo na leso na nipunguze kunywa maji. Nilipunguza mpaka maziwa nayo ikaanza kupungua nikaogopa nikaacha.

Mwenzangu kazini ndiye alinielekeza kwa fizio wa kina mama, mtaalamu wa mazoezi ya misuli, huko Upper Hill. Nikaenda siku yangu ya off. Alinieleza vizuri, akanionyesha picha, akasema ni misuli ya nyonga imelegea inataka mazoezi. Akataka kunipima kwa ndani na glavu nikakataa. Anti nilikuwa nimechoka kuguswa, tangu lebawodi kila mtu ameniangalia huko. Hakunilazimisha. Akasema basi niwe narudi kila wiki kwa miezi mitatu, sasa hiyo ni 2,500 kila nikienda, uongeze fare, uongeze kuomba off kila wiki na bosi ashaanza kunikunjia uso. Nikamwambia tu ukweli sitaweza. Ndio akasema tunaweza kufanya kwa simu, tuongee kwa vidio kila baada ya wiki mbili kwa bei ya chini, katikati awe ananitumia ujumbe wa kunikumbusha, na akaniweka kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama wengine wako na shida kama yangu.

Sasa ni wiki tatu na sioni tofauti. Hata sijui kama ninakaza mahali panafaa, nikijaribu nasikia ni matako na tumbo. Na huko kwa grupu kuna mama anauza kamashine ka kuingiza huko ndani kanaunganishwa na simu, 9,000, anasema bila hako mazoezi ni bure.

Halafu kuna mzee. Juzi simu ilikuwa kwa meza, ujumbe ukaingia saa tatu usiku: "Umekaza leo? Usiache, tunaendelea vizuri." Akausoma. Hakusema kitu, lakini tangu hiyo siku ameanza kuniuliza ile siku ya off nilikuwa wapi. Sijawahi kumwambia kwamba ninavuja. Nalala ukingoni mwa kitanda na leso nimekunja chini yangu, na nikisikia anasogea najifanya nimelala.

Sasa Anti niambie, hii kitu ya simu ni kweli ama ni pesa natupa? Mtu atajuaje nafanya vizuri na hajanishika? Na mzee nimwambieje?

Mama wa Wawili, Pipeline

*

Mama wa Wawili, pole sana mamangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo kwa leso iliyokunjwa kitandani nilisimama kwanza kabla niendelee. Miezi minne umebeba hii kitu peke yako.

Nikujibu swali lako la kwanza bila kuzungusha. Simu inasaidia, na inasaidia sana, kwa kukufuatilia, kukukumbusha, kukurekebisha na kukutia moyo wiki baada ya wiki. Kitu simu haiwezi ni kuhisi. Haiwezi kujua kama huo msuli wako unapanda ama unasukuma chini, na hiyo ndiyo sehemu uliikataa siku ile Upper Hill. Sikulaumu, na huyo fizio alifanya vizuri kutokulazimisha. Lakini shida yako ya wiki tatu bila tofauti nadhani imeanzia hapo, haikuanzia kwa simu.

Wacha nikueleze kwanza hiyo misuli iko wapi ndio tuelewane. Chukua leso umbebe mtoto mgongoni. Ile leso imeshikilia kutoka chini ya matako yake, imevutwa pande zote. Sasa chini ya nyonga yako kuna misuli imekaa hivyo, imetoka kwa mfupa wa mbele chini ya kinena mpaka kwa kifandugu huko nyuma, na ndiyo imebeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Umebeba mimba miezi tisa, halafu mtoto wa kilo 3.9 akapita katikati yake na ikachanika. Leso imelegea. Ukikohoa, tumbo linasukuma chini kwa nguvu, kibofu kinasukumwa, na hakuna kitu cha kukishikilia kwa wakati, ndio unasikia imetoka. Mama mkwe wako hajakosea akisema wengi wanapitia hiyo, karibu mama 1 kwa 3 huvuja mkojo baada ya kuzaa. Pale amekosea ni kudhani basi inafaa ukae nayo.

Mimi nilikuwa nesi mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi hapa Nairobi. Na kuna kitu kinaniuma mpaka leo, kwamba kina mama wakitoka tulikuwa tunawaambia sentensi moja tu pale mlangoni, "mama, uwe unakaza kama unazuia mkojo," basi, anayefuata. Hakuna aliyeangalia kama huyo mama amejua ni wapi. Baadaye nikaja kusoma utafiti mmoja wa Marekani wa 1991, wanawake 47 walielezwa kwa maneno tu namna ya kukaza halafu wakapimwa. Karibu nusu ndio walikuwa wanakaza sawasawa. Robo yao walikuwa wanafanya kitu ambacho kinaweza hata kuongeza kuvuja, kwa mfano kusukuma badala ya kuvuta. Nilifikiria wale wote nilioambia ile sentensi yangu. Hata daktari Arnold Kegel, yule Mmarekani ambaye haya mazoezi yanaitwa kwa jina lake na aliandika kuyahusu 1948, hakuwaachia wanawake maneno tu, alitengeneza na kifaa cha kupima kama msuli unafanya kazi.

Kwa hivyo naomba urudi mara moja. Moja tu, si kumi na mbili. Mwambie fizio wazi, "siku ile sikuwa tayari, leo nataka unipime lakini nikisema wacha, uwache." Unaweza kwenda na dada yako ama huyo mwenzako wa kazini akae na wewe ndani. Atavaa glavu, atakuambia ukaze, na kwa dakika chache utajua kitu ambacho umekitafuta wiki tatu. Pia atajua kama misuli yako imelegea kweli ama kinyume chake imekakamaa, juu kuna kina mama wengine, haswa walioshonwa na wakabaki na maumivu, misuli yao imejikunja na kitu wanahitaji kwanza ni kufundishwa kuilegeza. Hao wakipewa kukaza tu wanaumia zaidi. Hiyo haionekani kwa vidio.

Kabla hujapata hiyo siku kuna kitu unaweza kufanya nyumbani leo. Funga mlango, lala chali magoti umekunja, shika kioo kidogo uangalie hapo katikati ya njia ya mtoto na ya haja kubwa. Sasa jifanye uko kwa matatu imejaa na unazuia upepo usitoke, halafu uvute hivyo hivyo na mbele kama unazuia mkojo. Hapo kwa kioo panafaa kuingia ndani na kupanda juu kidogo. Ukiona panafura panakuja kwako, unasukuma, wacha uanze upya. Matako yatulie, mapaja yatulie, na pumzi iendelee kutoka, mtu akibana pumzi huwa anasukuma chini bila kujua. Lakini usifanye mazoezi ukiwa unakojoa, ati unasimamisha mkojo katikati kila siku. Hiyo watu wanaambiana sana na si nzuri, kibofu kinaweza kukosa kumaliza vizuri.

Ukishajua ni wapi, hapo sasa simu inaingia na ninaiamini kabisa. Huko Uswidi, Chuo Kikuu cha Umeå walitengeneza apu ya simu inaitwa Tät, wakaijaribu kwa wanawake 123 wenye kuvuja wakikohoa ama wakiruka kama wewe. Nusu wakapewa apu miezi mitatu, bila kukutana na mtaalamu ana kwa ana, iko na maelezo na mazoezi na inawakumbusha, na hao walipungukiwa na kuvuja kuliko wale walikuwa wanangoja. Wengi wao walikuwa wamekuzidi umri na hawakuwa wametoka kuzaa juzi, kwa hivyo sikuambii ni wewe kabisa. Lakini inakuonyesha kwamba kazi yenyewe inafanywa na mama kwake nyumbani, siku kwa siku. Hata ungeenda Upper Hill kila wiki, fizio hangekukazia.

Na kwa vidio huyo fizio anaona mengi ukiwa umevaa nguo zako. Egemeza simu kwa mkebe wa unga, ulale kwa mkeka aone kutoka ubavuni. Ataona kama tumbo linaruka, kama unainua matako, kama mabega yamepanda na umebana pumzi. Atakuambia uhesabu kwa sauti ukikaza, ukishindwa kuhesabu anajua umebana. Tumia iyafoni, hizo kuta za gorofa zetu unazijua. Data inamalizwa na vidio kwa hivyo iwe ni hiyo ya wiki mbili mbili tu, siku zingine ujumbe ama sauti inatosha. Weka na karatasi kwa mlango wa kabati, kila siku andika umefanya mara ngapi na pedi umebadilisha ngapi, halafu siku ya vidio umsomee. Pedi zikitoka tano zikawa tatu hiyo ni habari kubwa, hata kama wewe bado unasikia unavuja.

Mazoezi yenyewe ni kukaza mara 8, mara tatu kwa siku, hicho ndicho kiwango cha chini wanatumia Uingereza. Anza kushikilia ukihesabu mpaka tatu kama hapo ndipo nguvu yako inaishia, halafu uachilie kabisa, na upumzike muda uleule kabla ya kukaza tena. Kuachilia watu wanaruka na ni nusu ya kazi. Polepole utafika tano, mpaka kumi. Baadaye fizio atakuongezea zile za haraka haraka, kaza achilia, kaza achilia. Funganisha na kunyonyesha, mtoto akishika ziwa asubuhi, jioni na usiku, wewe unakaza, hutahitaji alamu. Na kuna kitu kidogo ningependa uanze nacho wiki hii hii, ukisikia kikohozi ama chafya inakuja, kaza kwanza ndio ukohoe. Kabla ya kuinua mtungi, kaza ndio uinue na pumzi ikitoka. Bampu pia hivyo, badala ya kufinya mapaja.

Kuhusu wiki tatu, hizo ni chache sana. Miongozo ya Uingereza inasema mtu apewe angalau miezi mitatu ya mazoezi yanayosimamiwa kabla ya kusema imekataa. Msuli haujengwi kwa wiki tatu, na hizo tatu zako pengine ulikuwa unajenga matako. Anza kuhesabu kutoka siku utakayopimwa.

Kamashine ka 9,000 usinunue. Huko Uingereza walifanya utafiti mkubwa, wanawake 600, matokeo yakatoka 2020, nusu walifanya mazoezi na mtaalamu na nusu wakafanya mazoezi hayohayo wakiongezewa kifaa cha kuonyesha msuli ukifanya kazi. Baada ya miaka miwili hawakuona tofauti ya maana. Sasa wewe uko na fizio tayari, na 9,000 ni kupimwa mara moja na vidio kadhaa na chenji ya pedi. Huyo mama wa grupu pengine anaamini anachouza lakini si kweli kwamba bila hako mazoezi ni bure.

Maji kunywa mamangu, unanyonyesha. Mkojo ukiwa mkali kibofu kinawashwa na unakimbia choo zaidi. Kama unakunywa chai ya rangi vikombe vitano kazini, hiyo ndiyo upunguze. Leso ya tumbo ukiipenda funga, inakushika mgongo, lakini haifiki huko chini, na ukiibana sana inasukuma vitu kuelekea hukohuko tunajaribu kupandisha. Kula mboga, ndengu, maembe, juu kukamua choo kigumu kila asubuhi kunaharibu kile unajenga. Na mtungi wa lita 20 ngazi tano hapana, kwa sasa hapana, beba wa lita 5 ama 10 mara nyingi, na hapo ndio tunafika kwa mzee.

Mwambie. Usingoje aulize tena. Huyo mtu amesoma "umekaza leo, tunaendelea vizuri" saa tatu usiku kutoka kwa mtu hamjui na mke amehamia ukingoni mwa kitanda, kile anafikiria ni kibaya kuliko ukweli wako. Subiri watoto walale, ukae naye, umwambie hivi tu: "tangu nizae huyu, mkojo unanitoka nikikohoa na nikibeba maji, nilienda kwa mtaalamu siku ile ya off, ananifundisha mazoezi kwa simu, na nimekuwa nikiona aibu kukuambia." Mwonyeshe ujumbe wote kutoka mwanzo. Kama anaweza, akae pale ukifanya vidio moja asikie mwenyewe. Halafu umpe kazi, mitungi ni yake kwa hii miezi mitatu. Wanaume wengi ninaowajua wakipewa kitu cha kufanya wanatulia. Fizio naye mwambie abadilishe maneno, aandike tu "mazoezi ya asubuhi, ya pili yamefanyika?" na aweke mchana, si usiku.

Kuna mambo mengine ukiyaona usingoje vidio, uende hospitali moja kwa moja. Mkojo ukianza kutiririka mchana na usiku bila hata kukohoa, hiyo inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na haiponi kwa mazoezi, inashonwa, hospitali ya Kenyatta wanashona na kule Eldoret kuna hospitali ya Gynocare ambayo ndiyo kazi yao. Choo ama upepo ukikutoka bila kujua. Kitu kama yai kikishuka na kuning'inia huko chini. Homa, kuchomeka ukikojoa, damu, ama kushindwa kukojoa kabisa. Kwa vile ulivyoandika sioni hata moja, nakutajia tu uwe nazo.

Na hiyo grupu, usiwahi kutuma picha ya huko chini, kwa grupu wala kwa fizio mwenyewe. Mtaalamu wa kweli hatakuomba hiyo kwa WhatsApp. Habari za afya yako sheria ya data ya 2019 inazilinda kuliko habari za kawaida, kwa hivyo muulize anahifadhi wapi zile unamtumia na nani mwingine anaziona. Muulize pia leseni yake, mafizio wa Kenya wanasajiliwa na baraza lao tangu sheria ya 2014 na hatakasirika kukuonyesha, mwenye leseni huwa ameitundika ukutani. Akikasirika, tafuta mwingine, Kenyatta wako na idara ya fizio, uulize huko.

Kesho ukiwa break mpigie fizio upange hiyo siku ya kupimwa, uchague off ya wiki mbili zijazo ndio bosi asilalamike. Halafu niandikie uniambie alisikia nini, na mzee alisema nini kuhusu mitungi.

Anti